Mayai Hayakuwa Viza

9 Machi

Kwa Shangazi,

Nisamehe, leo naanza na neno ambalo kwa adabu lingekaa mwisho, kwa sababu nikianza na salamu najijua, nitaishia kwenye salamu. Mayai ya Mama niliyaharibu mimi. Si umeme, wala hayakuwa viza yalipoletwa. Sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Sasa shikamoo. Sisi ni wazima. Baba anakusalimu, mgongo umetulia tangu ajitengenezee meza ya kuchomelea na kuacha kuinama chini kama anatafuta sindano. Mama naye anasema nikuandikie hivi hivi alivyosema: "Mwambie wifi yangu ajifunze kupika, huo mto anaoupima haumpikii." Mimi nimemaliza shule, matokeo hayajatoka, nafagia, naosha vyombo, nasubiri.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu ni ya Mama, naye huiweka sauti kubwa hata akiongea na muuza mkaa. Halafu nikipewa niongee unajua yanayotokea. Naitikia "ee" mara tatu na kutafuta wa kumrudishia.

Ilikuwa hivi. Ile mashine ya kuangulia vifaranga uliyotuletea, Baba akaitengenezea sanduku na wewe ukaweka ile bodi ndogo ya kompyuta na kadi yake ya kumbukumbu, imefanya kazi miaka yote bila kusumbua. Nilipomaliza mtihani nikataka kumpa Mama zawadi. Nilisoma kwamba watu wanaotunza Linux, ile programu inayoiendesha bodi hiyo, wametoa toleo jipya linalochora joto kwenye skrini ya simu, mtu akaona jana ilikuwaje na leo ikoje. Nikanunua kadi nyingine, nikaweka toleo jipya, nikaichomeka. Kadi yako nikaiweka kwenye kikopo cha sabuni. Mchoro ulitokea, Mama akaufurahia, akamwonyesha hata muuza mkaa.

Mayai yalikuwa yamefika nusu ya siku zake. Umeme ukakatika jioni, ukarudi watu wamelala. Asubuhi niliamka wa kwanza, nikakuta taa nyekundu ya hita inawaka na kipimajoto kimepita mstari mwekundu kabisa. Nikaizima, nikafungua mlango wa sanduku, nikapepea kwa kifuniko cha sufuria. Mama alipoamka joto lilikuwa limerudi mahali pake. Sikusema. Nilijiambia labda hayakudhurika.

Siku ya ishirini na moja hakikulia hata kifaranga kimoja. Mama alingoja siku mbili zaidi, halafu akaenda kuyapasua nyuma ya nyumba, moja moja. Aliporudi alisema neno moja tu, viza. Kisha akaenda kwa Mama Jogoo.

Wewe ulimjua Mama Jogoo akiwa bado anafuga bata. Siku hizi ndiye anayetuuzia mayai ya kutamia, na tangu nikiwa darasa la kwanza yeye na Mama hukaa pamoja kila Jumapili mchana kuwasema watu. Mama alimwambia mbele ya wateja wake kwamba amemuuzia mayai ya wiki tatu. Mama Jogoo akamjibu kwamba mwenye mkosi asisingizie kuku wa watu. Sasa wakikutana njiani kila mmoja anatazama ukuta wake. Na Mama amewaambia majirani, na majirani wameanza kununua kwingine.

Shangazi, nifanye nini? Hata sijui mashine ilikosea wapi. Tafadhali usimwambie Baba wala Mama.

Mwanao,
Kimya

*

2 Aprili

Kimya wangu,

Marahaba mwanangu. Barua yako ilikaa wiki nzima kwenye ofisi ya chini kabla dereva hajaikumbuka. Huku mvua ni nyingi, mto umepanda hadi kwenye alama ya pili, na kituo chetu cha kupimia mto kina paa linalovuja juu ya kitanda changu peke yake, kana kwamba lilichagua. Mimi ni mzima. Mwambie wifi yangu kwamba jana nilipika na mpaka sasa sijafa.

Rudisha kadi ya zamani leo, kabla hujaosha vyombo. Usiweke mayai kwa kadi nyingine yoyote.

Kuhusu mashine ilikosea wapi, sitakwambia. Si kwamba nakukomoa. Unazo kadi mbili, moja inafanya kazi na nyingine haifanyi, na fundi hapewi bahati kubwa kuliko hiyo. Tafuta tofauti. Toleo zima la Linux ya bodi hiyo lipo wazi mtandaoni, faili kwa faili, mtu yeyote anaweza kulichukua na kulijenga upya. Linaitwa kifurushi cha bodi. Linux yenyewe haijui bodi yetu ina nini, kifurushi ndicho kinachoitambulisha: hapa kuna saa, hapa kuna kadi, pini hii, yaani kijino cha chuma, ni ya feni, pini ile ni ya hita. Anza hapo kwenye pini. Nimekuwekea kwenye bahasha hii ule waya wa kuunganisha bodi na kompyuta. Ukiuchomeka na kuwasha, bodi itakuandikia kila inachofanya tangu inapofumbua macho. Ni msemaji kuliko wewe.

Mafaili ya kujengea huitwa mapishi, na hayo ndiyo mapishi pekee ninayoyajua, kwa hiyo usimwambie mama yako jina hilo, hatanyamaza mwaka mzima.

La mama yako na Mama Jogoo sina neno. Nakupenda, lakini mdomo wangu siwezi kukuazima.

Mto unaniita.

Shangazi yako

*

27 Aprili

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Waya umefika salama, na bahasha ilikuwa na tope kidogo, nikajua imepita kwako kweli. Baba ana kazi ya mageti ya shule, anarudi na cheche zimemtoboa shati, Mama anamshona akimsema. Matokeo yametoka, nimefaulu. Mama alilia jikoni halafu akasingizia vitunguu, na vitunguu havikuwepo.

Kadi yako niliirudisha siku ile ile niliposoma barua. Nilimwambia Mama mchoro umeharibika. Mayai ya safari hii ameyanunua mbali, kwa mtu asiyemjua, na nusu yake hayana kitu ndani. Nimemulika mwenyewe kwa tochi. Mama amemulika pia, ila hasemi.

Nimejenga kifurushi. Mara ya kwanza umeme ulikatika katikati. Mara ya pili kompyuta ya Baba ilijaa, nikafuta picha za mageti yote aliyowahi kutengeneza, lakini niliziweka kwanza kwenye simu ya Mama. Mara ya tatu ikakubali. Nikachomeka waya, nikawasha bodi bila mayai, nikasoma mistari ikipita. Nilifanya hivyo kwa kadi yangu na kwa yako, nikaandika pembeni kila kilichofanana mpaka kikabaki kisichofanana.

Nadhani nimeelewa. Bodi ikiwaka, programu ya kupima joto haiamki hapo hapo, inasubiri kwanza saa ipatikane kutoka mtandaoni. Siku ile umeme uliporudi mtandao haukurudi, ikasubiri mpaka asubuhi. Wakati inasubiri hakuna anayeishika pini ya hita. Na relei yetu, ile swichi inayowasha hita, pini yake ikiachwa tu bila mwenyewe, inawasha. Kwenye kadi yako hali ni ile ile, programu inasubiri vile vile, lakini hita imezimwa tangu mwanzo, kwa hiyo mayai yangepoa kidogo tu, na yai huvumilia baridi ya saa chache kuliko moto. Tofauti ni mstari mmoja. Upo kwenye kadi yako. Kwenye toleo la watu wote, la zamani na jipya, haupo.

Shangazi, juu ya mstari huo kuna maneno ya Kiswahili. Yanasema: "Hita izimwe tangu mwanzo. Nitautuma mstari huu kwa watunzaji wiki ijayo." Na tarehe yake ni ya miaka minne iliyopita.

Sikuulizi. Nakueleza nilichokiona kwa sababu ulisema nitafute tofauti.

Ila nimefikiri hivi. Bodi hii inauzwa pamoja na vifaa vya mashine ya kuangulia, ndivyo ulivyoinunua wewe. Kwa hiyo wapo wengine. Mimi nina kadi yako kwenye sanduku, wao hawana. Naomba wewe uutume, unajua lugha yao na unajua pa kutuma. Mimi nimewahi kuandika salamu za mkutano wa wazazi tu, na mwalimu akasoma badala yangu.

Mama Jogoo amepunguza kuku. Nilimwona akiwabeba wawili miguu juu, anaelekea buchani. Alinisalimia. Nikaitikia "ee."

Mwanao,
Kimya

*

20 Mei

Kimya wangu,

Hongera kwa kufaulu. Nimekutangaza kituoni mpaka dereva ameomba nipunguze. Mvua imeisha, mto umeshuka, umetuachia kiti cha plastiki cha mtu. Nakikalia ninapokuandikia.

Hukuuliza, nami sijajibu. Tuache hivyo.

Kiraka, ndivyo yanavyoitwa marekebisho kama hayo, hakitatumwa na mimi, utakituma wewe. Kuna orodha ya barua pepe ya mradi, unatuma huko, kila mtu anaona, na watunzaji wanajibu hapo hapo mbele ya wote. Najua umeshatafuta pa kujificha. Lakini fikiri: hakuna simu. Hakuna anayekutazama usoni. Unaandika, unasoma ulichoandika mara kumi, ndipo unatuma. Mahali pa watu wasiopenda kusema ndipo hapo, ajabu yake ni kwamba wasiopenda kusema wengi hatufiki.

Nakupa machache. Kiraka kimoja kibebe jambo moja. Ukiona pembeni nafasi mbaya kati ya maneno usiisafishe, hukutumwa. Weka jina lako kamili mwishoni, maana yake ni kwamba kazi ni yako na umekubali waitumie. Na wakikujibu kwa ukali, jua kwamba hawana muda, hawana ugomvi. Mara ya kwanza mimi kutuma, mtu alinijibu "Hapana, soma maelekezo," basi. Maneno matatu. Nilikaa chooni kazini mpaka mfagiaji akagonga mlango akiuliza kama naumwa. Nilimwambia ndiyo.

Baada ya hapo nikawa natengeneza vitu vyangu na kuviacha kwangu.

Nimesema tuache hivyo, na bado nimesema. Haya.

Msalimie kaka yangu. Mwambie picha za mageti si urithi.

Shangazi yako

*

18 Juni

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Baba amecheka sana ile ya urithi, kisha akauliza umejuaje, ikabidi nikiri kuhusu picha. Hakukasirika. Mama ana mafua. Jumapili mchana sasa huwa anapanga kabati, na kabati letu ni dogo, linapangwa lile lile.

Nilituma.

Nilikaa na barua ile siku tatu. Kiingereza changu ni cha shule, nilikuwa na kamusi upande mmoja na barua yako upande wa pili. Nilipobonyeza nikatoka nje, nikafua nguo zilizokuwa safi.

Jibu la kwanza lilikuja kesho yake. Mkaguzi, mmoja wa watunzaji, alisema kiraka kimechanganya mambo mawili, kwa sababu nilisafisha nafasi mbaya, Shangazi, niliiona na sikujizuia. Akasema pia nimeweka mstari kwenye faili la bodi yenyewe, na si kila mwenye bodi ana hita kwenye pini ile, wengine wana taa, wengine mlango. Lipo faili la nyongeza la mashine za kuangulia, niuhamishie huko. Ni kweli. Sikulia. Nilishangaa jinsi ambavyo hakunisema mimi, alisema kiraka.

Nikatuma cha pili, safi, mahali pake. Mkaguzi yule yule akajibu, nimeyatafsiri: "Mstari ni sahihi. Lakini umeeleza ulichobadilisha, hukueleza kwa nini. Atakayesoma miaka kumi ijayo anahitaji kujua nini kilitokea. Tafadhali sema nini kilitokea."

Nilifunga kompyuta.

Unaona alichoniuliza? Hajui kama kuna Mama. Hajui Mama Jogoo. Anauliza tu, kwa utaratibu wao, jambo ambalo nimelikimbia tangu mwezi wa pili. Niliandika kwanza kwamba "hita inaweza kuwaka bila kutarajiwa." Nikaisoma. Ilikuwa kweli na ilikuwa imejificha, kama mimi nikiitwa mbele ya darasa. Nikaifuta. Nikaandika hivi:

"Umeme uliporudi bila mtandao, programu haikuanza na hita ilibaki imewaka mpaka asubuhi. Mayai yote yaliyokuwa ndani yalikufa. Nilikuwa nimeweka toleo jipya bila kulijaribu kwa kukata umeme. Mayai yalikuwa mazima."

Sentensi ya mwisho haikuhitajika kwa kazi yao. Niliiacha.

Nikaweka jina langu, nikatuma, na safari hii sikufua chochote. Jioni mtu mwingine akajibu, sijui yuko nchi gani. Anaangua bata kwa bodi kama yetu. Mayai yake yameharibika mara mbili, na alikuwa amemfukuza kijana aliyekuwa anamtunzia mashine, akidhani anachezea vitufe. Aliandika kwamba kesho atamtafuta kijana huyo amwombe radhi.

Nimeisoma barua ya mtu wa bata mara nyingi. Watu nisiowajua, wa mbali kote huko, wanajua kwamba mayai yalikuwa mazima. Anayepita mbele ya mlango wetu na kikapu chake hajui.

Mkaguzi amesema kabla ya kukipokea angependa mtu mmoja mwingine mwenye vifaa hivi akijaribu na aseme mbele ya orodha. Mtu wa bata hana waya.

Mwanao,
Kimya

*

1 Julai

Kimya wangu,

Leo salamu ni fupi, dereva amewasha gari. Ni mzima, mto ni mzima.

Bodi yangu ya akiba ilikuwa chini ya kitanda, kwenye sanduku lililokingwa vizuri kuliko mimi. Nimekijaribu kiraka chako. Nimekata umeme mara nyingi mpaka mwenzangu wa zamu akauliza kama nina kisa na swichi. Hita haikuwaka.

Jana nilipanda mpaka pale mtandao unaposhika na nikaandika kwenye orodha. Niliisoma mara kumi kabla ya kutuma, mtu mzima na mvi zangu. Jina langu liko chini ya lako.

Shangazi yako

*

30 Julai

Kwa Shangazi,

Shikamoo, na tena shikamoo. Nililiona jina lako. Mkaguzi alijibu "Asante nyote wawili, kimepokelewa," na jioni hiyo nilikula mara mbili.

Sisi ni wazima. Mafua ya Mama yameisha, Baba amemaliza mageti ya shule na amepiga picha. Nina mengine ya kukueleza, kaa kwenye kiti chako.

Siku kiraka kilipopokelewa Mama alikuwa anapanga kabati. Nilikwenda na kompyuta nimeikumbatia. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kusema na yote yakanipotea mlangoni, nikamwambia tu kwamba nina kitu nataka nimsomee. Akasema soma. Nikamsomea maelezo ya kiraka, sentensi kwa sentensi, nikigeuza kwa Kiswahili. Hita ilibaki imewaka mpaka asubuhi. Mayai yote yalikufa. Nilikuwa nimeweka toleo jipya bila kulijaribu.

Mkono wake ulikuwa umeshika shuka, ukasimama. Nikamalizia kwamba mayai yalikuwa mazima.

Alisema, "Soma tena."

Nikasoma tena. Alikaa kitandani. Aliniuliza watu wangapi wameyasoma haya, nikasema sijui, wengi. Akauliza na Mama Jogoo je? Nikatikisa kichwa. Nilingoja anigombeze, Shangazi, nilitamani anigombeze. Alikunja ile shuka mpaka ikawa ndogo kama kitambaa, akaiweka, akavaa viatu.

"Twende," alisema. "Na njiani usinishike mkono, leo wewe si mtoto."

Mama Jogoo alikuwa anawasafishia kuku maji. Alituona, akaendelea kusugua ndoo. Mama akasimama pembeni na hakufungua mdomo, nikaelewa kwamba hataufungua. Unanijua. Nilitazama miguu ya kuku. Nikasema.

"Mayai yako hayakuwa viza. Mimi ndiye niliyeyaunguza, na nilijua."

"Sikusikii," alisema Mama Jogoo.

Nikarudia.

"Bado. Sema kwa sauti, kuku wangu wasikie, ndio waliotukanwa."

Nikasema kwa sauti. Sikuwahi kujua kwamba ninayo. Jirani wa upande wa pili alichungulia juu ya uzio, Mama Jogoo akamwambia aje karibu, habari hii ni ya bure. Kisha akaniambia kumbe mayai yalikuwa mazima, kichwa ndicho kilichoviza. Mama akacheka. Alicheka na papo hapo akaanza kulia, akamwambia Mama Jogoo kwamba hata kama mtoto hakusema, yeye ndiye aliyetangaza, na ulimi uliotangaza haukuwa wa mtoto. Mama Jogoo akamjibu kwamba ulimi huo anaujua tangu zamani, ndiyo maana hakuuzibia masikio. Nikatumwa kuteka maji. Niliporudi walikuwa wamekaa juu ya ndoo mbili, wanamsema mtu.

Mama amepita nyumba kwa nyumba kurekebisha aliyoyasema. Mimi alinichukua kwenye nyumba mbili za kwanza, zilizobaki akaenda mwenyewe. Wateja hawajarudi wote. Kuku wawili wa buchani hawatarudi kabisa, na hilo nalikumbuka kila nikipita.

Mayai mapya aliyaleta Mama Jogoo mwenyewe, kila moja amelichora alama ya mkaa, akasema safari hii anataka ushahidi. Niliweka kadi mpya, yenye toleo lenye mstari wetu, na kabla hatujaweka hata yai moja nikawaomba wote wawili wasimame mbele ya sanduku. Nikakata umeme. Nikauondoa mtandao. Nikarudisha umeme. Tulitazama ile taa nyekundu wote watatu. Haikuwaka. Mama Jogoo akasema, "Tena," nikakata tena. Tulifanya hivyo mpaka Baba akalalamika kutoka karakana kwamba tunamzimia mashine.

Jana vimetoka. Si vyote, mayai manne yamebaki, na Mama Jogoo mwenyewe ameyapasua na kukubali kwamba mawili yalikuwa matupu, akaniapisha nisiseme. Vilivyotoka vinalia mpaka hapa ninapoandikia, karatasi imeingia unyoya.

Neno moja limebaki. Mama aliniomba nimsomee mara ya tatu, hadi chini kabisa, na majina. Nilipofika kwenye lako alishtuka, akafurahi, akauliza wifi yake amejuaje shida hii upesi hivyo huko kwenye mto wake. Nilimwambia nilikuandikia na wewe ni fundi mwenye bodi kama yetu, ukaijaribu. Yote ni kweli. Sasa anawaambia watu kwamba wifi yake hajui kupika lakini ameokoa mayai ya dunia nzima.

Siri yangu nimeisema, kwa sauti, mbele ya kuku. Ule mstari ambao hukuutuma miaka minne si wangu kuusema. Kadi yako ya zamani iko kwenye kikopo cha sabuni, juu ya kabati ambalo halipangwi tena Jumapili. Siku ukitaka uje umwonyeshe Mama mwenyewe, utaikuta. Usipotaka, itakaa. Mimi sijamwambia mtu, na wewe pia, tafadhali, usimwambie yeyote kwamba ninajua.

Mwanao,
Kimya